Nimepunguzwa kazi hotelini Malindi, mwajiri haji vikaoni. Ningoje hadi lini?

MwanaMaweni (#1)
Salamu wakuu. Nimekuwa mhudumu wa mezani miaka 14 hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi. Juni 2024, wageni walipokatika kama kawaida ya msimu wa chini, tukaitwa kundi zima jikoni tukapewa barua za mstari mmoja: "kutokana na hali ya biashara". Notisi hakuna, hesabu hakuna, likizo nilizokuwa nadai hazikutajwa. Nilipeleka malalamiko afisi ya leba. Mwajiri akaitwa kwa barua, hakuja. Akaitwa tena, akaleta karani mdogo asiye na faili wala neno. Tangu hapo ni "wiki ijayo meneja atakuwepo".

Nikasema basi nichukue za NSSF, nimeshavuka miaka 50 na kazi sina. Huko nako jina langu la kitambulisho na jina la kwenye michango havilingani. Sasa niko katikati, huku hakusongi na huku hakusongi. Naanza kuamini pesa hizi hulipwa wenye kujuana tu. Mwenye kunipinga anipinge.

Bawabu_Silversands (#2)
Pole kaka. Sikupingi, ila ongeza na hili: mwajiri anajua wewe una njaa na yeye hana. Anakungoja uchoke.

KasukuWaGede (#3)
Miaka 14 unawapelekea Waitaliano pasta, hujui hata "pesa yangu iko wapi" kwa Kiitaliano? 😂 Natania mzee, pole sana.

KaraniWaWakili (#4)
MwanaMaweni, soma hapa kwa makini halafu ndiyo uendelee na lawama. Mimi huandika faili za kesi hizi kila siku. Kinachokuumiza ni kalenda. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miaka mitatu kwenda kortini, tangu siku dai lilipozaliwa. Na korti zetu zimesema mara nyingi kwamba kukaa kwa afisa wa leba mkisuluhishwa hakusimamishi saa hiyo. Vikao vyenu vya "wiki ijayo" vinakula muda wako mwenyewe. Barua yako ni ya Juni 2024, kwa hiyo ukifika Juni 2027 bila kufungua kesi, hata uwe na haki nyeupe pe, mlango umefungwa. Korti haina uwezo wa kukuongezea muda kwa dai la mkataba wa kazi.

Kadzo_Muyeye (#5)
@KaraniWaWakili mbona mimi niliambiwa ni miezi mitatu? Dada yangu aliachishwa kazi ya usafi wa vyumba, alipofika mwezi wa tano akaambiwa na mwenzake amechelewa, akarudi nyumbani akalia akanyamaza. Mpaka leo.

KaraniWaWakili (#6)
Miezi mitatu ni ya kupeleka malalamiko ya kufukuzwa kwa afisa wa leba, kifungu cha 47. Korti ni miaka mitatu, kifungu cha 90, na kwenye matoleo mapya ya sheria utakiona kimeandikwa 89. Mwambie dada yako aangalie tarehe ya barua yake leo hii, asingoje kesho. Huyo mwenzake alimfanyia dhambi bila kujua.

Kadzo_Muyeye (#7)
Subhanallah. Nampigia sasa hivi.

ShopStiwadi_Zamani (#8)
Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi hotelini miaka mingi, wacha niseme upande wangu. Wengi mnaruka hatua ya kwanza: hii ni kufukuzwa au ni kupunguzwa kazi? Si kitu kimoja. Barua inayosema "hali ya biashara" ni kupunguzwa, na hapo kifungu cha 40 kinamfunga mwajiri: notisi ya mwezi mmoja kwa mfanyakazi au chama chake pamoja na afisa wa leba, notisi nyingine au mshahara wa mwezi mmoja badala yake, likizo zote kwa pesa taslimu, na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Siku 15 ni za chini kabisa. Kama hoteli ilikuwa na mkataba wa pamoja na chama, kwa sekta yetu KUDHEIHA, mkataba huo unaweza kukupa siku zaidi. MwanaMaweni, ulikuwa unakatwa ada ya chama?

MwanaMaweni (#9)
Nilikatwa miaka ya mwanzo. Baadaye wakatuambia tukiacha chama mshahara utapanda kidogo. Ukapanda, kidogo kweli.

ShopStiwadi_Zamani (#10)
Ndiyo zenu. Basi tumia sheria tupu. Mshahara ulikuwa ngapi?

MwanaMaweni (#11)
24,000 wa mwisho.

ShopStiwadi_Zamani (#12)
24,000 gawa kwa 30, siku moja ni 800. Mara 15 ni 12,000. Mara miaka 14 ni 168,000. Hiyo bila notisi wala likizo.

Mhasibu_Pwani (#13)
Mzee wangu, mbona unagawa kwa 30? Siku za kazi kwa mwezi ni 26. 24,000 gawa kwa 26 ni 923 na senti, mara 15 mara 14 inakuja 193,846. Umemnyima mwenzako zaidi ya elfu ishirini na tano kwa mkono wako mwenyewe.

ShopStiwadi_Zamani (#14)
Waajiri wote niliokaa nao mezani waligawa kwa 30, na nimeona hukumu zilizopita hivyo.

Mhasibu_Pwani (#15)
Na mimi nimeona zilizogawa kwa 26. Mwajiri atagawa kwa 30 kwa sababu ni yeye anayelipa. Dai kwa 26, yeye ndiye aeleze kwa nini sivyo.

KaraniWaWakili (#16)
Nimeona zote mbili. Siingii.

BabaKarisa (#17)
Hilo la NSSF nalijua vizuri. Mwenyewe jina lako limekaaje, MwanaMaweni? Kama wewe ni Mgiriama mwenzangu naweza kubashiri. Sisi mtoto hupewa jina la babu yake, kwa hiyo Karisa Kazungu anamzaa Kazungu Karisa, na huyo anamzaa Karisa Kazungu tena. Sasa karani wa hoteli, mtu wa bara, hajui kichwa wala mkia. Anajaza fomu "Kazungu Karisa" mwaka huu, mwaka ujao "Karisa K.", na kama babako pia alipata kufanya kazi kwa jina hilohilo, fujo imekamilika. Michango inakatwa kila mwezi lakini haimkuti mwenyewe.

MwanaMaweni (#18)
Mzee umeniona? Ndivyo hasa. Kitambulisho kinaanza na langu, orodha ya hoteli ikaanza na la baba. Na kuna miezi nambari ya uanachama ina tarakimu moja imekosewa.

BabaKarisa (#19)
Basi usikate tamaa, hilo lina dawa. Hati ya kiapo kwa wakili kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Barua ya mwajiri kuthibitisha kuwa nambari ile na ile ni mfanyakazi mmoja. Nakala ya kitambulisho, picha, na nakala ya kadi ya benki yenye jina la kitambulisho. Kisha chukua taarifa yote ya michango uipitie mwezi kwa mwezi kwa kalamu nyekundu, uone mashimo yako wapi. Barua ya mwajiri ndiyo ngumu, maana ni yuleyule unayemdai.

KasukuWaGede (#20)
Yaani unaenda kumwomba barua nzuri mtu uliyempeleka leba. Kazi ipo.

ShopStiwadi_Zamani (#21)
Haombi. Cheti cha utumishi ni haki, kifungu cha 51. Mwajiri akikataa kukitoa ni kosa la jinai, faini hadi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote. Ukiandika barua ya kuomba cheti, taja kifungu hicho kwa upole. Utaona kinavyotoka haraka.

Mhasibu_Pwani (#22)
Watu pia wapunguze matarajio ya hiyo NSSF. Kwa miaka mingi ilikuwa 200 yako na 200 ya mwajiri kwa mwezi, basi. Miaka kumi ya hiyo ni 48,000 kabla ya faida. Viwango vipya vilianza Februari 2023 baada ya Mahakama ya Rufaa kuirudisha Sheria ya NSSF ya 2013. Kwa mshahara wa 24,000, kuanzia Februari 2024 ulipaswa kukatwa 1,440 na mwajiri aweke nyingine 1,440. Kama karatasi ya mshahara inaonyesha makato hayo na taarifa ya NSSF haionyeshi, basi pesa yako imebaki mfukoni mwa mtu. Angalia pia kama sehemu ya juu ya mchango ilipelekwa mfuko wa pensheni wa kibinafsi, sheria inaruhusu. Wapo wanaolia wameibiwa kumbe pesa iko kapu jingine.

MtangaHalisi (#23)
Wakuu naingia kutoka Tanga, samahani kwa kudandia. Kwenu hakuna fao la kukosa ajira? Huku NSSF inalipa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita kama umechangia angalau miezi 18 na hukuacha kazi kwa hiari yako. Asiyefikisha miezi 18 anarudishiwa nusu ya michango yake.

Bawabu_Silversands (#24)
Kwetu hakuna. Ukiachishwa kazi una majirani. Za serikali zipo Inua Jamii, 2,000 kwa mwezi, lakini hadi ufike miaka 70. MwanaMaweni ana 51, abaki na uhai tu.

MtangaHalisi (#25)
Poleni. Ila msidhani huku ni mteremko. Lile fao la zamani la kujitoa, ambapo mtu alichukua michango yake yote akaenda kufungua duka, liliondolewa, na watu walilalamika mno. Wengi wangependa kuchukua chao chote kuliko theluthi ya miezi sita. Na bila barua ya kusitishwa ajira kutoka kwa mwajiri hutoki hata hatua moja. Hadithi ni ileile.

Mwana_wa_Shella_Brescia (#26)
Mimi mtoto wa Malindi, niko Italia mwaka wa kadhaa. Huku fao linaitwa NASpI, linatolewa na shirika la INPS. Nilipoachishwa kiwandani sikuamini kuna mtu atanilipa nikae nyumbani. Lakini ujue masharti. Kuomba ni ndani ya siku 68 tangu kazi iishe, ukichelewa umepoteza. Uwe umechangia angalau wiki 13 ndani ya miaka minne. Muda wa kulipwa ni nusu ya wiki ulizochangia, na kiwango kinaanza kupungua asilimia 3 kila mwezi baada ya miezi kadhaa. Ukikataliwa una siku 90 za kukata rufaa ndani ya shirika lenyewe kabla ya korti.

Mwenzangu wa Watamu alikataliwa kwa sababu mwajiri aliandika kwamba ameacha kazi mwenyewe. Alikwenda patronato, hizo ni afisi za kusaidia wafanyakazi kujaza makaratasi, nyingi ni za vyama vya wafanyakazi. Wakamwandikia rufaa. Alingoja akiishi kwa mkopo wa shemeji. Akashinda, akalipwa malimbikizo kwa mkupuo mmoja, akayamaliza kwa deni la shemeji.

KasukuWaGede (#27)
Kwa hiyo Waitaliano kwao wanalipana wakikosa kazi, wakifika Malindi wanatupa barua ya mstari mmoja. Sawa.

Bawabu_Silversands (#28)
Usiwatie Waitaliano wote kapu moja. Wangu alinilipa hadi senti ya mwisho. Aliyenidhulumu alikuwa mtu wa hapahapa, tunaswali msikiti mmoja.

TukTuk_Ngala (#29)
Nyinyi mnazungumza vifungu, mimi nizungumze tumbo. Nilipoachishwa kazi ya bustani, nilichukua akiba yangu ya chama cha ushirika. Ilibidi nijitoe uanachama kwa notisi ya siku 60, kwa hiyo ukiona mambo yanaanza kunuka, andika notisi mapema. Nikakodi tuktuk ya mtu, namletea hesabu yake kila jioni, yangu ni kinachobaki. Asubuhi mke wangu anakaanga mahamri na kuchemsha mbaazi za nazi, tunauza barazani kabla sijatoka. Kesi yangu inaendelea huko, mimi siingoji. Nikipigiwa simu ya tarehe naenda, siku hiyo tuktuk inaendeshwa na binamu.

Na sikopi za Hustler, ule mfuko wa mikopo midogo wa serikali, kungojea malipo ya kesi. Siku 14 zinaisha, kesi haijaisha.

Kadzo_Muyeye (#30)
@TukTuk_Ngala hayo mahamri ni yale ya kona karibu na stendi? Nayajua. Iliki nyingi.

TukTuk_Ngala (#31)
Hayohayo 😄 njoo kabla ya saa mbili.

KijanaWaBarani (#32)
Kwa nini asiende Korti ya Madai Madogo? Inasikiza madai hadi milioni moja, siku 60 hukumu imetoka. Huko leba ni kupoteza wakati.

KaraniWaWakili (#33)
Ile haina mamlaka kwa migogoro ya kazi, sheria yake yenyewe imeitoa. Ukipeleka huko kesi itatupwa na utakuwa umepoteza miezi. Kwa mshahara usiozidi 80,000 kwa mwezi, mahakimu waliotangazwa kwenye Gazeti la Serikali mwaka 2018 wanasikiza kesi za ajira. Zaidi ya hapo ni Korti ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Malindi.

KijanaWaBarani (#34)
Nimeelewa. Asante.

MpishiMstaafu (#35)
Mimi nimefika mbali kuliko wengi hapa, na niseme wazi: kushinda si kulipwa. Hakimu alinipa haki yangu. Kabla sijamaliza kusherehekea, mwajiri akakata rufaa, wana siku 30 za kufanya hivyo, na akaomba hukumu isitekelezwe. Korti ikaruhusu kwa sharti aweke sehemu ya pesa kwenye akaunti ya pamoja yenye majina ya mawakili wa pande zote mbili. Iko benki inazaa faida, mimi nakopa unga dukani. Wakili wangu ananiambia ni salama. Najua ni salama, hata mimi siwezi kuifikia.

Bawabu_Silversands (#36)
Ndiyo maana nilisema #2, wanakungoja uchoke.

MpishiMstaafu (#37)
Sikubali moja kwa moja. Katika rufaa yao kuna hoja moja ya kweli: hakimu alinipa fidia ya mshahara wa miezi 12, ambayo ndiyo ya juu kabisa, bila kueleza kwa nini. Wakili wangu mwenyewe alikuwa na wasiwasi nayo. Tungeomba kiasi cha wastani labda wasingepata pa kushika.

ShopStiwadi_Zamani (#38)
Nami naona vikao vinakwama pia kwa sababu afisa wa leba hana meno. Anasuluhisha na kupendekeza, kumlazimisha mwajiri alipe hawezi. Mwajiri akilijua hilo haji. Si njama wala kujuana, ni sheria ilivyo.

Mhasibu_Pwani (#39)
Wengine kweli hawana pesa. Hoteli ngapi hazijafunguka tangu korona? Ikifika kufilisika, Sheria ya Ufilisi ya 2015 inawapa wafanyakazi kipaumbele kwa mishahara ya miezi minne ya mwisho, kisizidi 200,000 kwa mtu. Zaidi ya hapo mnapanga foleni na wauza mboga na nyama waliokopesha hoteli.

Mama_Lulu_Casuarina (#40)
Mnataja korona na jeraha langu linafunguka. Machi 2020 tulitumwa nyumbani likizo bila malipo, "tutawaita mambo yakitulia". Hawakutuita, hawakutufukuza. Tuliamini. Tulipokwenda kuuliza ilikuwa imeshapita 2023, tukaambiwa miaka mitatu imekwisha. Imekwishaje na mimi sijaachishwa kazi? Barua sina mpaka leo.

KaraniWaWakili (#41)
Mama, hilo ni gumu. Upande mmoja utasema saa ilianza siku mshahara wa kwanza ulipokosekana. Mwingine utasema haijaanza mpaka mwajiri aseme mmeachana. Una ujumbe wowote wa simu waliowatumia, hata wa WhatsApp, baada ya 2020?

Mama_Lulu_Casuarina (#42)
Kundi la WhatsApp lipo bado. Meneja alituma salamu za Idi na "vuteni subira". Simu ile ilianguka kisimani, lakini wenzangu wanalo.

KaraniWaWakili (#43)
Mwambie mmoja ahifadhi leo, na tarehe zionekane. Kisha mwone wakili ana kwa ana, usitegemee mimi wa mtandaoni.

KijanaWaBarani (#44)
Na ile karatasi ya "nimelipwa haki zangu zote, sina dai tena"? Tulisainishwa mlangoni kabla ya kupewa bahasha.

ShopStiwadi_Zamani (#45)
Ukisaini kwa hiari ukiielewa, korti huiheshimu kama mkataba mwingine wowote. Wapo walioivunja kwa kuonyesha walilazimishwa au walidanganywa, lakini ni mlima. Bora uandike kwa mkono juu ya saini yako: "nimepokea kiasi hiki, bila kuacha madai mengine".

KijanaWaBarani (#46)
Pale mlangoni na askari wawili? Ningeandika insha wangenipa bahasha?

ShopStiwadi_Zamani (#47)
Askari wawili wataje kwenye hati yako ya kiapo basi.

MwanaMaweni (#48)
Nimesoma yote. Nashukuru. Jumatatu naandika barua ya cheti cha utumishi na kifungu chake, na kuapa jina. Leba nitaendelea kwenda lakini namtafuta wakili kabla mwaka haujaisha. Kuhusu kujuana bado sijashawishika, kuna mwenzetu tuliyeachishwa pamoja, shemeji yake ni mtu mkubwa, alilipwa wiki ileile.

Bawabu_Silversands (#49)
Umeona!

Mhasibu_Pwani (#50)
Au shemeji alimwandikia barua ya wakili wiki ileile.

Sidi_wa_Mayungu (#51)
Samahani kuingilia, mimi ni mpishi wa villa. Mwenye villa amefariki kwao Italia. Watoto wake hatuwajui, villa inauzwa, tumeambiwa tutoke. Mkataba wa maandishi sina, tulikubaliana kwa mdomo. Nimdai nani?

KasukuWaGede (#52)
Dada fungua uzi wako, huu umejaa 😂

ShopStiwadi_Zamani (#53)
Mwache aulize. Sidi, mshahara ulikuwa unaletwa na nani?

Sidi_wa_Mayungu (#54)
Wakala anayesimamia villa. Kwa M-Pesa, kila tarehe tano.

Mhasibu_Pwani (#55)
Basi mwajiri wako ni wakala.

KaraniWaWakili (#56)
Taratibu. Huenda wakala ni mpitishaji tu na deni ni la mali ya marehemu. Yategemea nani alikuajiri, nani alikupa amri. Kukosa karatasi hakukuui, kuandika mkataba ulikuwa wajibu wa mwajiri. Kabla ya kubishana hapa, itisha taarifa ya M-Pesa ya miaka yote uliyofanya kazi, na umwandikie wakala dai lako kabla villa haijabadilisha mikono.

Sidi_wa_Mayungu (#57)
Wanunuzi wanakuja kuiangalia kesho asubuhi.

KaraniWaWakili (#58)
Andika usiku huu. Nitumie ujumbe wa faragha nikuonyeshe inavyopangwa.